Balozi wa Tunu

Nchi ya Mbelembele hamtaikuta kwenye ramani. Si kwamba haipo. Ramani zake ziliagizwa ng'ambo, na hadi leo zimekwama bandarini zikisubiri kibali cha kutolewa. Lakini nchi ipo, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara zake, na ina mji uitwao Vumilia. Huko Vumilia ndiko yalikomkuta Sajini Mwanahawa Dilunga haya mnayosimuliwa.

Mwanahawa alikuwa mkuu wa zamu katika Kituo cha Zimamoto. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mjane, asiye na maneno mengi. Kituo chake kilikuwa na gari moja ambalo wananchi waliliita Mkono wa Pole, kwa kuwa lilikuwa na desturi ya kufika moto ukishakula na kushiba, likabaki kuwafariji wafiwa. Gari lilikuwa linawashwa kwa kusukumwa. Mpira wake wa maji ulikuwa na matundu yaliyofungwa kwa vipande vya tyubu za baiskeli, na bomba la kujazia tangi lilitoa maji siku ambazo lenyewe lilijisikia.

Pamoja na hayo, Mwanahawa na wenzake wawili walijitahidi. Mmoja alikuwa dereva, Mzee Chande, aliyelijua gari lile kama mtu anavyoujua ugonjwa wake wa miaka mingi. Wa pili alikuwa Koplo Shilinde, mwanamume mnene mwenye sauti nyororo, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea simu. Watatu hawa hawakuwahi kukaa chini wakaandika namna wanavyofanya kazi. Kengele ikilia walikimbia. Ndani ya moshi hakuingia mtu peke yake. Aliyechoka alipokelewa. Basi.

Hali hii ya hatari, ya watu kufanya kazi bila tunu, iliendelea kwa miaka bila serikali kujua.

Iligundulika pale Rais wa Mbelembele, ambaye raia humwita Mwenye Maono, alipofanya ziara katika nchi moja tajiri. Akiwa anasubiri mwenyeji wake kwenye ukumbi wa kampuni fulani, aliona ubao unaong'aa umeandikwa maneno makubwa. Akauliza ni nini. Akaambiwa hizo ndizo tunu zetu, misingi tunayoiishi. Mwenye Maono akautazama ubao, akazitazama lifti zinazopanda na kushuka bila kukwama, akaenda msalani akakuta maji, akajumlisha moja na moja.

Aliporudi alihutubia taifa papo hapo uwanja wa ndege. "Ndugu wananchi," alisema, "siri yao nimeiona kwa macho yangu. Si viwanda, wala si shule, kama tulivyokuwa tukidanganywa. Ni ubao."

Na kila ofisi ya umma ikaamriwa iwe na ubao.

*

Idara ya Zimamoto haikutaka kuachwa nyuma. Mkuu wake, Kamishna Kiangazi, alikuwa mtu ambaye hajawahi kuzima hata mshumaa, ila alikuwa hodari wa kuwasha mikutano. Alimwita mshauri mwelekezi, Daktari Kipepeo, mwanamke nadhifu ambaye alikuwa ametoka kuipatia Idara ya Mifugo tunu zake. Tangu hapo, kwa mujibu wa taarifa, ng'ombe wa Mbelembele walikuwa wanajituma.

Wakubwa wa idara walijifungia katika hoteli moja kando ya ziwa ili watafakari. Walitafakari sana, maana samaki wa pale ni watamu. Walipokwisha kuchagua tunu zote ndipo mmoja wao akakumbuka kuwa miongoni mwa hizo tunu ipo Ushirikishwaji. Ikabidi watu wa chini nao washirikishwe, ili wachague kwa hiari yao tunu zilizokwisha kuchaguliwa.

Ndivyo Daktari Kipepeo alivyofika Vumilia na projekta yake. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo picha alizielezea kwa mikono. Akawagawia watumishi vikaratasi vya rangi, akawaomba kila mmoja aandike kitu anachokiamini kuliko vyote katika kazi yake. Mwanahawa alifikiri sana, kisha akaandika: Gari liwe na maji.

Daktari Kipepeo alikisoma kikaratasi, akatabasamu kwa huruma. Alieleza kuwa hilo ni suala la utendaji, na tunu ni kitu kilicho juu ya utendaji. Zaidi ya hayo, tunu ni neno moja tu, na utafiti umeonyesha kwamba tunu zenye tija huanza na herufi U. Hapo Mzee Chande akanyoosha mkono, akapendekeza Uji. Hakuwa anatania. Alisema mtu akienda kupambana na moto tumbo tupu, nguvu atazitoa wapi? Daktari akaandika Uji, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, akaahidi kulifanyia kazi.

Mwisho wa siku tunu zilitangazwa: Uwazi, Utulivu, Upendo, Ushirikishwaji na Uadilifu. Uji ulifika mbali lakini haukupenya.

Msimcheke Mwanahawa kwa yanayofuata. Ukweli ni kwamba siku ile aliguswa. Kwa miaka alikuwa akipita sokoni na sare yake huku wauzaji wakimnong'ona, "Huyo, Mkono wa Pole huyo." Alikuwa na mdogo wake pale sokoni, Siwema, fundi cherehani, ambaye kila siku alitaniwa kuhusu kazi ya dada yake. Sasa mbele yake alisimama mtu msomi akisema kwamba watu wachache wakikubaliana kwa moyo wanasimamia nini, kazi yao inaweza kubadilika. Maneno hayo yalimwingia. Aliona ni kama mtu ameyasema yaliyokuwa rohoni mwake, ila kwa Kiswahili cha juu zaidi. Kwa hiyo alipoulizwa nani atakuwa Balozi wa Tunu wa kituo, akasimama yeye. Akavalishwa beji kubwa kama kisosi.

Jioni alimpitia Siwema dukani amwonyeshe. Siwema aliitazama ile beji, akaitazama tena, kisha akaendelea kukanyaga cherehani.

"Sasa dada, moto ukitokea utauonyesha hiyo?"

Mwanahawa alikasirika. Alimwambia kwamba watu wenye fikra kama zake ndio wanaoirudisha nyuma nchi hii. Siwema alikata uzi kwa meno, akamtakia dada yake usiku mwema.

*

Kuishi tunu, kama ilivyokuja kudhihirika, si kazi ya mchezo.

Walianza na Uwazi. Kamishna Kiangazi alitoa waraka akisema kuwa mahali penye milango hapawezi kuwa na uwazi, na fundi akatumwa aing'oe yote. Wiki hiyo hiyo mbuzi wa jirani walihamia chumba cha mapumziko, na kofia ngumu za zimamoto zikaondoka stoo na watu wasiofahamika. Mwanahawa aliripoti makao makuu. Jibu lilimpongeza: ilikuwa ishara kwamba jamii sasa inajisikia huru kufika kituoni.

Likafuata suala la Utulivu. Kengele ilionekana inazua taharuki, ikabadilishwa kwa muziki laini wa zeze. Kukimbia kulipigwa marufuku. Mtumishi alitakiwa kulielekea gari kwa mwendo wa heshima, kama bwana harusi. Upendo ulimwangukia Koplo Shilinde. Kila aliyepiga simu ya moto alipaswa kwanza kuamkiwa, kuulizwa hali ya familia na shughuli, ndipo aulizwe shida yake. Shilinde, kwa sauti yake ile, aliifanya kazi hiyo vizuri mno hata watu wasio na moto wakawa wanapiga. Na kwa ajili ya Ushirikishwaji, gari halikuruhusiwa kutoka mpaka wadau wote wakubaliane, mwenye nyumba inayoungua akiwa mdau namba moja.

Mwanahawa alisimamia yote hayo. Alimkemea Mzee Chande kwa kutembea haraka. Alimwandikia Shilinde onyo kwa kusahau kuulizia wajukuu wa mpiga simu mmoja. Usiku, kitandani, kuna sauti ndogo iliyokuwa ikimsumbua, lakini aliinyamazisha kwa kujiambia kuwa jambo jipya halikosi ugumu.

Kisha likaungua banda la Mzee Ngwira, muuza mkaa wa karibu na stendi. Alipopiga simu aliulizwa hali, akajibu nzuri kwa mazoea. Akaulizwa watoto, akajibu hawajambo. Alipofika kwenye shida yake, banda lilikuwa limekwisha. Kesho yake alikuja kituoni kwa miguu, akiwa amejaa masizi. Mwanahawa alidhani amekuja kugomba. Kumbe mzee wa watu alikuja kumshukuru Shilinde.

"Tangu mke wangu afariki," alisema, "hajanijulia hali mtu kwa urefu namna ile. Mkaa basi tena, umeondoka. Ila ahsanteni."

Aliaga akaenda zake. Mwanahawa alibaki amesimama pale palipokuwa na mlango. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Makao makuu waliposikia kuwa mteja ameridhika, walikipa kituo cha Vumilia kikombe cha shaba, wakaamua kwamba uzinduzi wa kitaifa wa Tunu ufanyike huko huko.

*

Maandalizi yakaanza. Mbele ya kituo ilipandwa Bustani ya Tunu, maua yaliyopangwa kwa herufi yakasomeka Uwazi, Utulivu, Upendo, Ushirikishwaji, Uadilifu. Hema la wageni lilifungwa kwenye njia ya kutokea gari, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli kizuri. Mgeni rasmi angekuwa Waziri, na gari la zimamoto lilipewa jukumu la heshima: msafara ukiingia, limrushie Waziri upinde wa maji angani apite chini yake. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kituo, tangi lilijazwa mpaka juu kwa amri kutoka ngazi ya taifa. Mpira mpya uliletwa. Gari lilifungwa betri mpya, likawaka bila kusukumwa, na Mzee Chande akafuta jicho.

Siku ikafika. Waziri hakufika. Ratiba ilisema asubuhi, jua likapanda, likafika utosini, kwaya ikaimba nyimbo zake zote ikaanza upya. Kamishna Kiangazi alikuwa kwenye jukwaa, sare yake ya sherehe imelowa kwapani, akiuliza kila baada ya muda msafara umefika wapi.

Mwanahawa ndiye aliyeuona moshi kwanza. Ulikuwa mweusi, unatoka upande wa soko. Wakati huo huo alimsikia Koplo Shilinde, simu sikioni, akisema kwa sauti yake nyororo kwamba yeye ni mzima, na huko kwenu je. Kisha sauti ya Shilinde ikakatika. Alishusha simu akamtazama mkuu wake.

"Afande, ni soko. Safu ya mafundi cherehani."

Mwanahawa alitembea mpaka jukwaani kwa mwendo wa heshima. Hata yeye baadaye alishindwa kueleza kwa nini hakukimbia. Labda miezi ile ilikuwa imemzoeza. Akapiga saluti, akamwambia Kamishna kuwa soko linaungua na anaomba ruhusa ya kutoka.

Kamishna aliutazama moshi kama mtu anavyomtazama mgeni asiyealikwa.

"Utulivu, Sajini," alisema. "Tangi lile ni la Mheshimiwa. Akishapita, mtakwenda na maji yatakayobaki."

"Afande, kuna watu kule."

"Na hapa kuna watu. Moto hauna ratiba, Sajini. Mheshimiwa anayo."

Daktari Kipepeo, aliyekaa kiti cha pembeni, aliongeza kwa upole kwamba hii ilikuwa nafasi adimu ya kuonyesha jinsi timu inavyoziishi tunu zake chini ya shinikizo. Alipendekeza wadau wa soko waitwe mara moja kwa kikao kifupi.

Mwanahawa alimfikiria Siwema akikata uzi kwa meno. Akaishika beji yake, akaichomoa, akaiweka kwenye meza ya mgeni rasmi kati ya chupa za maji ya kunywa. Kisha akageuka, na safari hii alikimbia. Alikimbia na mwili wake wote, magoti juu, mbele ya kwaya na mabalozi wa nchi rafiki. Mzee Chande alipomwona hakuuliza kitu, alipanda akawasha. Shilinde naye, pamoja na unene wake, aliruka akaning'inia nyuma.

"Njia imezibwa na hema, Afande," alisema Mzee Chande.

"Pita bustanini."

Gari likapita bustanini. Liliusaga Uwazi, likaupondaponda Utulivu, likavuka katikati ya Ushirikishwaji. Lilipotokea barabarani, magurudumu yalikuwa na maua, na nyuma yake ziliachwa herufi chache tu zilizosimama, zisizosomeka chochote.

*

Walipofika sokoni, watu walitawanyika. Hakuna aliyewahi kuliona gari la zimamoto likifika wakati moto bado unawaka, kwa hiyo wengi walidhani ni askari wa kutuliza ghasia. Ilibidi Shilinde ashuke, awaite kwa sauti yake ile ile, ndipo walipomtambua. Walikuwa wamemzoea kwenye simu. Wakarudi.

Moto ulikuwa umeshika safu nzima ya juu. Vitenge vinaungua vibaya. Vinapaa na kutua kwingine vikiwa bado vinawaka, na kila vilipotua palizaliwa moto mwingine. Mwanahawa aligawa kazi kwa mikono, maana sauti haikusikika. Mzee Chande kwenye pampu. Wachukuzi wenye nguvu kwenye mpira. Wengine wabomoe mabanda ya katikati ili moto ukose daraja. Hakuna aliyesubiri kuambiwa mara mbili. Muuza nyanya aliyekuwa akimnong'ona miaka yote alishika mpira nyuma yake, wakayaelekeza maji motoni pamoja.

Ndipo mtu mmoja akamwambia kwamba Siwema alikuwa ametoka, kisha akarudi ndani.

Kofia zilikuwa zimekwenda na Uwazi. Mama ntilie mmoja aliyekuwa karibu akamwaga wali uliokuwa jikoni kwake, akaisuuza sufuria kwa maji ya mpira, akampachika Mwanahawa kichwani. Shilinde akajifunga kitenge kibichi puani. Akamshika Mwanahawa mkanda kwa nyuma, wakaingia wawili.

Walimkuta Siwema chini ya meza, amekumbatia cherehani yake, anakohoa hata hawezi kusimama. Mwanahawa alimshika mkono. Siwema hakuiachia cherehani.

"Iache," Mwanahawa alimwambia.

"Dada, nikiiacha nitaishi kwa kazi gani?"

Hapakuwa na muda wa kubishana. Shilinde akambeba Siwema, na Mwanahawa akaibeba cherehani, chuma chake kikimchoma mkono na kifua kupitia sare. Kipande cha boriti kilianguka juu ya sufuria kikalia kama kengele ya shule. Walitoka nje wakiwa weusi watatu, wakaanguka chini karibu na mama ntilie, aliyekuwa analia. Alikuwa anaulilia wali, au anawalilia wao, hakuna aliyejua.

Nusu ya soko iliungua. Nusu ikabaki. Katika Mbelembele, ambako moto ulikuwa haujawahi kubakiza kitu, watu walizunguka ile nusu iliyobaki wakiigusagusa kama wanaota.

*

Kamati ya Tunu ilikaa haraka kuliko ilivyowahi kukaa kwa jambo lolote. Mwanahawa, mkono umefungwa bandeji hadi kiwikoni, alisimamishwa mbele ya meza ndefu yenye maua ya plastiki. Mwenyekiti alikuwa Kamishna Kiangazi. Baada ya kutaja wakubwa wote waliokuwepo na wasiokuwepo, na kusema kuwa itifaki imezingatiwa, alisoma mashtaka. Mtuhumiwa alikimbia, kinyume cha Utulivu. Alitoka bila kikao, kinyume cha Ushirikishwaji. Hakumjulia hali mwathirika yeyote kabla ya kummwagia maji, kinyume cha Upendo. Na alizikanyaga tunu zote kwa pamoja, kwa magurudumu, hadharani.

Waziri, ikumbukwe, alifika jioni ya siku ile akakuta hakuna upinde. Alipita chini ya anga tupu.

Mwanahawa aliulizwa kama ana la kusema. Alisema anakubali kwamba alikimbia. Alisema pia kuwa kosa lake kubwa halimo katika yale yaliyosomwa: ni banda la Mzee Ngwira, ambalo liliungua yeye akiwa ameketi, ametulia, beji kifuani. "Kwa hilo nilipewa kikombe," alisema. "Kama mnataka kuniadhibu, niadhibuni kwa lile."

Wajumbe walitazamana. Jambo hilo halikuwa kwenye ajenda.

Kamishna akaanza kusoma hukumu. "Kamati imejiridhisha pasipo shaka kwamba Sajini Mwanahawa Dilunga ana hatia..." Hapo simu yake ikatetemeka mezani. Alitazama jina la mpigaji, akasimama wima, akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa Ikulu. Mfanyabiashara mmoja wa soko alikuwa amempiga Mwanahawa picha akitoka motoni na cherehani kifuani na sufuria kichwani, picha ikasambaa, ikafika kwa Mwenye Maono, naye alikuwa ameitazama kwa muda mrefu na kuipenda. Kamishna alisema ndiyo mara nyingi. Aliposhusha simu, aliendelea kusoma kutoka pale pale alipoishia, bila hata kumeza mate.

"...ana hatia ya ushujaa," alisema, "na kamati hii, ambayo ndiyo iliyomlea, inampongeza."

Wajumbe wakapiga makofi. Tunu mpya iliongezwa, Uthubutu. Kamishna Kiangazi alipewa nishani kwa kumruhusu Sajini aasi amri yake kwa wakati mwafaka. Na kwa kuwa Mwenye Maono aliitazama ile picha kwa jicho lake la kugundua siri, akaona kilichoushinda moto ni nini, serikali iliagiza sufuria kwa ajili ya vikosi vyote vya zimamoto nchini. Zilikuja katika saizi tatu. Mifuniko ilikuwa ya maofisa.

*

Mwanahawa alipandishwa cheo, akapelekwa mji mkuu kuwa Balozi Mwandamizi wa Tunu. Aliomba abaki Vumilia, akajibiwa kuwa kubaki ni kukosa Uthubutu. Kabla hajaondoka alimpitia Siwema, ambaye alikuwa ameirudisha cherehani barazani na anashona sare za shule za watoto wa waliounguliwa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya beji, walicheka pamoja. Siwema alimwambia, "Nenda dada. Ila usikae sana."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuongoza semina ya wakuu wa vituo kutoka nchi nzima, kuhusu namna ya kuishi tunu ndani ya timu. Ukumbi ulijaa. Wakuu wa vituo waliketi kwa mistari, kila mmoja sufuria kichwani, kalamu mkononi, wakisubiri hekima. Daktari Kipepeo alimkaribisha kwa maneno marefu. Mzee Chande, aliyemwendesha hadi pale, alikaa safu ya mwisho.

Mwanahawa alikishika kipaza sauti, akawatazama. Alikuwa ameandaliwa hotuba. Aliigeuza juu chini, hakuisoma. Aliwaeleza tu jinsi Mzee Ngwira alivyokuja na masizi yake kutoa shukrani. Aliwaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyotembea kwenda jukwaani wakati mdogo wake anakosa pumzi. Kisha akanyamaza, na ukimya ukawa mrefu hata fundi mitambo akadhani umeme umekatika.

Mama mmoja wa safu ya mbele, mkuu wa kituo cha mpakani, alinyoosha mkono. "Afande, sisi ubao wetu bado mtupu. Tuandike nini?"

"Msiandike," alisema Mwanahawa. "Sifa mtu hajipi. Nendeni mkafanye kazi, na mliowafanyia ndio watakaowaita jina. Likiwa zuri mtalisikia. Likiwa baya mtalisikia vilevile. Semina imekwisha, rudini vituoni."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama aliivua sufuria, akaiweka taratibu kwenye kiti, akatoka. Akafuata mwingine. Wakafuata watatu wa kanda ya kaskazini, wakisukumana mlangoni. Mwishowe viti vikabaki na sufuria zake, na nje zikasikika injini zikiwashwa, nyingine kwa kusukumwa.

Daktari Kipepeo aliandika katika taarifa yake kwamba semina haikufikia malengo. Alibainisha kuwa washiriki wote waliondoka kabla ya chai, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Mbelembele ipate uhuru, na akashauri iundwe tume kuchunguza. Tume iliundwa, na inaendelea vizuri.

Chai yenyewe ilikuwepo, na sambusa za moto, za watu mia. Mwanahawa alimmiminia Mzee Chande kikombe, akajimiminia na yeye, akala kwa ule mkono wake mzima.